Maswali ya wasomaji: Miba ya Ruvuma, gugu maji bwawani na mlusina usiokufa

Barua nyingi za safari hii zimetoka mabonde ya Ruvuma na Lukuledi, na karibu zote zina kilio kimoja: tumefyeka, tumechoma, mbona limerudi? Jibu fupi ni kwamba kila gugu lina mahali pake pa kufia. Ukilikata pengine, umelipogoa tu. Ndiyo maana katika kila jibu tunaanza na kuutambua mmea wenyewe kabla ya kuzungumzia panga au dawa.

Kumeota kichaka chenye miba kingo za Ruvuma, ukikigusa majani yanajifunga kama ya kifauongo, lakini kinamzidi mtu kimo. Ua lake ni kiduara cha rangi ya waridi iliyopauka. Tulikifyeka Juni, tukakichoma Agosti. Mvua zilipokwisha tukakuta kimeongezeka maradufu na kimeingia kwenye majaruba ya mpunga. Je, ni kifauongo kilichokua sana? – Msomaji, Mahurunga, Mtwara

Ni ndugu wa kifauongo, lakini ni mmea mwingine. Kwa jina la kitaalamu unaitwa *Mimosa pigra*, na asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Kifauongo cha kawaida hutambaa, hakifiki mbali juu ya magoti. Huu hufika mita 3 kwa urahisi, na penye maji ya kutosha hata 6.

Hakikisheni kwanza hamjauchanganya na mkulagembe, ambao ni mti wetu wa asili na hauna kosa. Mkulagembe haufungi majani ukiguswa, ua lake linaning'inia na lina rangi mbili, upande waridi na upande njano, na maganda yake yamejisokota kwa fungu. *Mimosa pigra* ina ua la duara la rangi moja, lenye upana wa kama sentimita moja. Tazameni pia uti wa jani: kati ya jozi za vijani husimama miba myembamba iliyonyooka kwenda juu, na kwenye shina kuna miba mingine iliyopinda. Alama isiyodanganya kabisa ni ganda. Lina manyoya magumu, urefu wa sentimita 3 hadi 8, na likikauka hukatika vipande vipande, kila kipande na mbegu yake moja, huku ukingo wa ganda ukibaki mtupu mtini kama fremu ya dirisha.

Vipande hivyo ndivyo vinavyoeneza balaa. Vinaelea, kwa hiyo mto ukifurika vinapelekwa mpaka maji yanapotulia, na mara nyingi yanatulia kwenye majaruba. Manyoya yake hunasa kwenye nguo na kwenye ngozi ya ng'ombe. Tope la tairi za pawatila nalo hubeba. Kwenye mchanga mbegu inaweza kukaa hai zaidi ya miaka 20. Kwenye mfinyanzi hufa mapema zaidi.

Sasa tuone kwa nini kazi yenu iligeuka. Mlipofyeka juu ya ardhi, kitako cha shina kilibaki na macho yake yote, na machipukizi yakaja mengi kuliko shina la awali. Moto wa Agosti ukaongeza jambo la pili. Mbegu ya mmea huu ina ganda gumu lisilopitisha maji, joto likalipasua, na mvua za mwanzo zilipofika mbegu zilizolala zikaota zote kwa pamoja juu ya udongo uliobaki mtupu. Hamkuzembea. Mlifanya kazi ngumu mahali pasipo pake.

Mahali pake pa kufia ni chini ya udongo. Chimbeni kuzunguka shina kwa jembe, halafu kateni mzizi mkuu kwa sururu au shoka, sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi. Mizizi iliyobaki chini ya hapo haina nguvu ya kuchipua kama kitako. Miche isiyofika magotini ng'oeni kwa mkono udongo ukiwa bado na unyevu. Ukisubiri udongo ukauke, mche unakatikia shingoni na unarudi.

Wakati ni nusu ya kazi. Tangu kitumba cha ua kinapotokea hadi mbegu kukomaa ni kama wiki tano tu. Kwetu kusini mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na Ruvuma inaanza kushuka baada ya hapo. Ingieni mara tu kingo zinapokanyagika, kabla maganda hayajageuka kahawia. Mkikuta yamegeuka, msiyumbishe kichaka. Mtu mmoja ashike kiroba chini ya tawi, mwingine akate matawi yenye maganda kwanza, yaingie kirobani. Viroba vikauke juu ya turubai mbali na kingo, vichomwe hapohapo kwenye shimo. Moto hapo una faida kwa sababu unaiunguza mbegu yenyewe, wakati moto wa kingoni unaipasua ganda tu na kuiamsha.

Msianze na kichaka kinene cha katikati, hata kama ndicho kinachowaudhi zaidi. Anzeni na vile vichache vilivyojitenga, na vya upande wa juu wa mto. Kichaka kinene kimekwisha kujaza nafasi yake, lakini kile kimoja kilichosimama peke yake kwenye fungu la mchanga ndicho kitakachozaa kichaka kipya mwakani. Baada ya hapo pitieni eneo lote kila miezi mitatu, kwa kuwa mche hauwezi kuota na kutoa mbegu ndani ya muda huo. Na kwa vile ng'ambo ni Msumbiji na mto ni mmoja, kila mafuriko yakipita kagueni kingo upya hata kama mlizisafisha zote.

Mambo mawili ya usalama na sheria. Ruvuma ina mamba na viboko, kwa hiyo fanyeni kazi mchana, kwa kundi, na mtu mmoja asishike jembe, kazi yake iwe kutazama maji tu. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kung'oa gugu ndani ya eneo hilo na kuacha uoto wa asili ni kulinda mto. Kulima mahali mlipong'oa ni jambo jingine. Ijulisheni serikali ya kijiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini kabla ya kuanza, ili msije mkaonekana mnafungua shamba.

Kikundi chetu kina bwawa la samaki la mita 20 kwa 30. Mwenzetu alileta mmea wa kuelea kutoka Mwanza, akisema unasafisha maji. Una ua zuri la zambarau na shina limevimba kama kitunguu. Sasa umefunika nusu ya bwawa. Tolea la maji linaingia kijito kinachokwenda Lukuledi. Tupulizie dawa? – Msomaji, jirani na Mtama, Lindi

Msipulizie. Na tunaomba, kabla hamjamaliza kusoma jibu hili, mmoja wenu aende akazibe tolea hilo.

Mliyonayo ni gugu maji, lilelile lililofunga bandari na mialo ya Ziwa Victoria miaka ya 1990. Shina lililovimba na ua la zambarau lenye doa la njano kwenye petali ya juu vinatosha kulitambua. Wasomaji wengine hulichanganya na kabichi ya maji, ambayo ina majani ya kijani kilichopauka yenye vinyweleo laini, yamejipanga kama kabichi changa, haina uvimbe wala ua la kuonekana. Hiyo nayo inafunika mabwawa, lakini haina kasi hii.

Kuhusu kasi: katika maji ya joto yenye mbolea, gugu maji linaweza kujizidisha mara mbili kwa wiki mbili au pungufu. Tuseme siku 12. Mkitoa lote mkasahau mimea 10 chini ya majani ya pembeni, baada ya siku 60 mnayo 320. Baada ya siku 120 imevuka 10,000. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya kazi, ile ambayo bwawa linaonekana safi na watu wamechoka, ndiyo inayoamua.

Uzito wake msiudharau. Mita moja ya mraba ya gugu lililokomaa na kushonana huwa na kilo 20 hadi 40. Bwawa lenu ni mita za mraba 600, nusu yake ni 300, basi jiandaeni kubeba tani 6 hadi 12 za kitu ambacho karibu chote ni maji. Toroli moja na vijana wawili hawatamaliza Jumamosi moja.

Fanyeni hivi. Kwenye tolea wekeni wavu wa waya wenye matundu ya sentimita moja, na mbele yake kamba iliyofungwa chupa tupu za plastiki, iliyovutwa kutoka ukingo hadi ukingo, ili gugu lisukumwe na upepo likaishie hapo. Kamba nyingine kama hiyo ivutwe taratibu na watu wawili, mmoja kila upande, kukusanya gugu kona moja. Lichoteni kwa reki na uma wa shamba mkiwa ukingoni. Anayelazimika kuingia majini avae mabuti marefu ya mpira, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda mizizi ya gugu hili. Toeni mimea mizima. Kuikatakata majini kunazalisha vipande, na kila kipande chenye kitako ni mmea mpya.

Tuliwakataza dawa kwa sababu ya samaki wenu. Zulia zima likifa kwa pamoja linazama, linaoza, na kuoza kunakula hewa ya majini. Asubuhi mtawakuta samaki wanahema juu ya maji, jioni wamegeuza matumbo. Kwa sababu hiyohiyo msiache marundo pembeni yakimwagia maji yake bwawani. Yabebeni hadi mahali ambapo mafuriko hayafiki.

Linalofaa kwa mboji ni lile lililotolewa kabla ya kuchanua. Lianikeni siku 5 hadi 7 lipoteze maji, kisha lipangeni kwa tabaka na samadi na pumba za mpunga, mkigeuza kila wiki mbili. Lililokwisha kuchanua na kuinamisha kikonyo cha ua kuelekea majini tayari linatengeneza mbegu. Hilo likaushwe kabisa na kuchomwa, lisiende bustanini, maana mbegu zake zinadumu kwenye tope kwa miaka zaidi ya 15.

Kwa tope lenyewe, kiangazi kina faida yake. Mkishavuna samaki, kausheni bwawa, kwangueni kingo ziwe wima zaidi, kina kisipungue mita moja hata pembeni. Mbegu ya gugu maji huota penye mwanga na maji machache. Kingo zilizolala ndizo kitalu chake. Punguzeni pia samadi mnayoweka bwawani, kwa kuwa gugu mliloliona likinenepa limekula chakula kilichokusudiwa samaki.

Kuna wadudu wanaokula gugu maji, vifukusi wa jamii ya *Neochetina*, waliosaidia sana Ziwa Victoria. Hawafai kwa bwawa la ukubwa huu. Kazi yao huchukua miaka, na kuwahamisha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Malizeni kabla ya mvua za Novemba. Chini ya Mingoyo maji ya bahari yanapanda mtoni, na gugu hili hufa chumvi ikifika kama robo ya ile ya baharini. Lakini kati ya Mtama na hapo kuna majaruba ya watu wengi, na wao hawana chumvi ya kuwaokoa.

Duka la pembejeo wamenishauri nizidishe kipimo cha kiuagugu mara mbili ili visiki vya magugu ya mtoni vife haraka. Ni kweli? – Msomaji, Nyangao

Si kweli, ndugu yetu, na utapoteza fedha. Viuagugu vinavyoshuka hadi mizizini, kama vya glaifoseti, vinahitaji jani lililo hai ili liisafirishe dawa chini. Ukizidisha, jani linaungua kwa siku mbili, njia inakatika, na mzizi unabaki mzima. Kosa la pili tunaloliona mara nyingi ni kuchanganya kwa maji ya mto yenye tope. Glaifoseti hujishika kwenye chembe za mfinyanzi na kuishiwa nguvu ndani ya bomba la kupulizia lenyewe. Tumia maji safi ya bomba au ya kisima. Mvua isinyeshe ndani ya saa 6.

Kwa kingo za mto, usipulizie kabisa. Vimiminika vinavyochanganywa na dawa ili ishike kwenye jani vinaua viluwiluwi na vinadhuru samaki. Penye ulazima, paka kisiki kwa brashi: kata, na ndani ya dakika tano paka duara la nje la kisiki, pale chini ya ganda, kwa kuwa katikati ya mti hakusafirishi kitu. Kipimo cha kupaka kisiki ni tofauti na cha kupulizia. Kisome kwenye lebo ya dawa iliyosajiliwa, na dawa isiyo na lebo iache dukani.

Bonde la mmomonyoko kando ya mkorosho wangu limejaa milusina. Ilipandwa zamani kwa ajili ya mbolea na majani ya mbuzi. Nikikata kisiki kimoja yanatoka machipukizi kumi. – Msomaji, Newala

Mlusina uliletwa kwa nia njema, na kwa kweli unarutubisha udongo. Tatizo ni kwamba hauna breki. Maganda yake bapa, ya sentimita 10 hadi 20, hupasuka na kumwaga mbegu chini, mvua inazishusha korongoni, na kila korongo la uwanda wa Makonde lina mdomo wake bondeni.

Usikate wote kwa pamoja. Mchanga wa Newala ukiachwa wazi kwenye mteremko utaondoka na masika ya kwanza, na hasara hiyo inazidi ya mlusina. Kata kwa mikanda ya mita 5 inayokatiza mteremko, acha mkanda mwingine usimame hadi mwakani. Katika mkanda uliokatwa rudisha uoto mwaka huohuo. Kamata korongo kwa mistari ya nyasi za vetiva, na chini penye unyevu panda mkuyu, mkangazi au mwegea.

Kata maganda yakiwa bado kijani. Kisiki kama hutaki dawa, vunja machipukizi yakiwa marefu kama kiganja, rudia kila wiki 4 hadi 6. Kila chipukizi hutumia akiba ya mzizi, na ukiliacha likomae litairudisha. Mbuzi wanaweza kukufanyia kazi hii, mradi lusina isizidi kama theluthi ya chakula chao. Punda, nguruwe na sungura usiwape: ndani yake kuna sumu ya mimosini, nao hunyonyoka manyoya. Mbegu zitaendelea kuota kwa miaka kumi na zaidi, kwa hiyo palizi ya mkorosho ya kila mwaka iongezwe hadi korongoni.

Ng'ombe wangu wawili weupe wanachubuka ngozi na macho yamekuwa ya njano. Jirani anasema ni ua la uzio, lile linalobadilika kutoka njano kuwa jekundu. – Msomaji, Nachingwea

Jirani anaweza kuwa yuko sahihi. Muone daktari wa mifugo leo, na kabla hajafika waweke kivulini. Ua hilo ni lantana. Sumu yake hushambulia ini, na ini likishindwa kazi ngozi nyeupe inaungua kwa jua la kawaida. Shina lake lina pembe nne na vijiba vilivyopinda, jani ukilifikicha linanuka vikali. Ng'ombe wenyeji mara nyingi hulikwepa, lakini wageni na wenye njaa mwishoni mwa kiangazi hulila.

Kulikata juu ni kulipogoa. Kata mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo, kichaka kianguke kizima, kisha kigeuze mizizi juu kikauke. Kikilala matawi chini kwenye udongo wenye unyevu kitatoa mizizi upya. Fanya kazi hiyo kabla matunda hayajawa meusi, maana ndege huyapenda, na chini ya kila mti wanapotua utakuta miche. Hapo ndipo pa kutazama mvua zikianza.

Nitalijuaje gugu karoti likifika Masasi? – Msomaji, Masasi

Tazama penye kusimama malori, penye kumwagwa kokoto na mchanga wa ujenzi, na kando ya maghala. Lilitambuliwa Arusha mwaka 2010 na linasafiri kwa magari. Linapochipua hulala chini na majani yaliyochanika kama ya karoti, halafu hutoa shina lenye mifereji ya wima, lenye matawi mengi na maua meupe madogo yenye pembe tano. Wengi hulidhania pakanga. Pakanga hunukia ukiifikicha, na maua yake si meupe namna hiyo.

Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi. Usilishike kwa mikono mitupu, kwani linawasha ngozi na chavua yake huchochea pumu. Ukiliona, lipige picha likiwa limesimama, pamoja na ua kwa karibu, na umpelekee afisa kilimo wa kata siku hiyohiyo. Kama halijachanua, ling'oe kwa glavu na barakoa, pamoja na mzizi, likauke ndani ya mfuko wa plastiki mweusi juani. Kama limechanua, funika kichwa chake kwa mfuko kwanza, funga chini ya maua, ndipo ung'oe. Weka kijiti mahali hapo, urudi kila wiki tatu mvua zikiwepo.